Michezo, mazoezi na kuushughulisha mwili: tunavichanganya vitu vitatu, na anayeumia ni mtoto wa sekondari

Wiki mbili zilizopita kwenye grupu la wazazi wa shule anayosoma mdogo wangu, yupo kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Dar, iliingia meseji kwamba vipindi vya michezo vya Jumatano na Ijumaa vimesimamishwa mpaka mitihani ipite, muda huo utatumika kwa masomo ya ziada. Hapo ndo moto ukawaka. Baba mmoja akasema sawa kabisa, shule si uwanja wa mpira. Mama mmoja akasema binti yake yupo timu ya netiboli na timu inaendelea kama kawaida, kwahiyo yeye hana shida. Baba mwingine akatuma voisi ya dakika nne kwamba enzi zao walitembea kilometa nane kwenda na nane kurudi, hakuna aliyewapa kipindi cha michezo na wapo wazima mpaka leo. Mzee mmoja akafunga kwa kusema wanawe si wanene, mazoezi ya nini.

Mimi nimesomea afya ya jamii, watu wakaniita nijibu, na nilipoanza kuandika nikaona kila mtu pale anaongelea kitu chake ila wote wanakiita kwa jina moja. Ndo maana nimeamua kuandika kwa urefu, tuanze kwanza na maneno.

Lugha yetu yenyewe inachangia hapa. Neno mchezo kwetu limebeba utani, tunamwambia mtu acha mchezo, usilete mchezo kwenye mambo ya maana. Mazoezi nayo, mwalimu wa hesabu anatoa mazoezi na kocha anatoa mazoezi. Sasa mzazi akisikia shule imeweka "michezo" kwenye ratiba, moyoni anasikia kupoteza muda, na akisikia "mazoezi" anaona jim, vyuma na watu wanaotaka kupungua tumbo. Wataalamu wa afya wakiongelea vijana wana kitu kipana kuliko vyote hivyo, nami naona tukiite tu kuushughulisha mwili, yaani chochote kinachofanya misuli ifanye kazi na mwili utumie nguvu. Kutembea ni humo, kuchota maji, kufagia uwanja, kulima, kucheza ngoma, kupanda ngazi, kufua kwa mikono, vyote humo. Mazoezi ni sehemu ndogo ya hiyo, ile uliyoipanga na unairudiarudia ili mwili uwe imara. Na michezo ya mashindano, soka, netiboli, wavu, riadha, ni sehemu nyingine yenye sheria, timu na kombe.

Ifananishe na chakula. Kuushughulisha mwili ni kila kinacholiwa nyumbani kwa wiki nzima, na mashindano ni pilau la sikukuu. Sasa nyumba ikikwambia "sisi watoto wetu wanakula vizuri, Idi tulipika pilau zuri sana", utauliza, na siku nyingine je? Halafu utauliza hilo pilau wamekula wangapi, maana kwenye timu ya shule wanakula kumi na moja na wa akiba wachache, wengine mia nane wamesimama pembeni wanashangilia.

Nasema hivi nikiipenda sana UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchi nzima, kila mwaka mikoa inapokutana, iwe Mtwara au Tabora au kwingine, nafuatilia matokeo, na najua kuna vijana maisha yao yamebadilika kupitia pale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa na watu wa michezo mpaka leo wanalisikitikia pengo lile, nami nipo nao. Lakini UMISSETA inatafuta bora, kazi yake ni kuchuja, kutoka shule kwenda kata, wilaya, mkoa, taifa, kila hatua wengi wanabaki nyumbani. Ni kazi nzuri ila haijibu swali la yule mtoto asiyejua kupiga mpira. Yule mama wa netiboli ana haki ya kufurahi kwa ajili ya binti yake, ila grupu lina wazazi zaidi ya mia mbili na waliobaki watoto wao hawapo timu yoyote.

Haya, mtoto anahitaji kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, WHO, mwongozo wake wa mwaka 2020 unasema watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya kati au ya nguvu, na angalau siku 3 katika wiki wafanye ya nguvu pamoja na zile zinazojenga misuli na mifupa. Zingatia neno wastani. Mwongozo wa zamani, wa 2010, ulisema angalau dakika 60 kila siku, huu mpya unaangalia wiki nzima, yaani kama dakika 420, siku moja anaweza kupata 20 na nyingine 100. Na si lazima zije kwa mkupuo, dakika 10 asubuhi zinahesabika, 15 za mapumziko zinahesabika.

Ya kati na ya nguvu utazijuaje bila mashine? Tumia mdomo. Kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni ya kati, mfano kutembea haraka kama umechelewa daladala. Kama ukitoa maneno matatu lazima uvute pumzi, hiyo ni ya nguvu. Ukiweza kuimba beti zima bila shida bado unatembelea tu. Na kusimama kwenye daladala umeshika bomba hakuingii, najua kunachosha, ila moyo haujaongeza kasi.

Tumhesabu mdogo wangu sasa, nilikaa naye na kalamu. Anatoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri. Kutoka kituoni mpaka shule ni dakika 10 za mwendo wa haraka maana geti linafungwa, kurudi 10 nyingine. Asubuhi wanafagia mazingira, kama 15. Baada ya hapo anakaa darasani mpaka saa 9 alasiri, tuisheni mpaka 11, nyumbani anaosha vyombo, daftari, kulala. Jumla 35 kwa siku ya shule, mara tano ni 175. Jumamosi anafua nguo zote kwa mikono na kubeba maji, tumempa 60 japo nadhani nimemhurumia. Jumapili karibu na sifuri. Jumla 235. Vile vipindi viwili vya michezo vilikuwa vya dakika 40 kila kimoja, tukivihesabu vyote anafika 315, bado 105 kufika 420, yaani anadaiwa dakika 15 tu kwa siku. Ukiviondoa, deni linakuwa 185. Shule haikuondoa starehe pale, imeondoa robo ya mwendo wote wa mtoto kwa wiki.

Sasa mweke kijana wa kijijini, tuseme Kilolo, anayetembea dakika 45 za milima kwenda na 45 kurudi. Siku tano ni dakika 450, ameshapita kabla hajagusa jembe. Kwahiyo yule baba wa kilometa nane alikuwa sahihi kuhusu yeye mwenyewe, miguu yake ilifanya kazi ya kipindi cha michezo na kuzidi. Alipokosea ni kumhamishia mwanae anayepanda bodaboda mpaka getini afya ya utembeaji wa baba yake, afya hairithiwi hivyo. Na tusiupambe sana umbali pia, mtoto anayetembea saa mbili tumbo tupu na kurudi bila chakula cha mchana hatujamtendea haki hata kama dakika zimetimia, mwili unahitaji cha kuchoma. Shule inayotaka watoto wakimbie ianze na uji au makande.

Tatizo si letu peke yetu. Mwaka 2019 WHO walitoa uchambuzi wa takwimu za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146, wa miaka 11 mpaka 17, za mpaka mwaka 2016. Asilimia 81 hawakufikia kiwango, yaani wanne kati ya watano. Korea Kusini, nchi ambayo kwa ufaulu wa wanafunzi wengi tunaitolea mfano, ilikuwa asilimia 94. Bangladesh ndo ilikuwa na hali nafuu kuliko wote na hata huko ni 66. Kumbe utajiri hauondoi tatizo, na ufaulu hauondoi.

Ndani ya namba hizo kuna moja inayoniuma zaidi. Wavulana asilimia 78, wasichana 85. Na ukitaka kuiona kwa macho nenda shule ya msingi mtaani kwako saa ya mapumziko, watoto wa kike wa darasa la nne na la tano wanacheza rede, wanaruka kamba, wanakwepa mpira kwa wepesi wa ajabu, jasho linawatoka na kelele juu. Kisha nenda sekondari ya jirani, wale wale miaka mitatu baadaye wamekaa barazani, uwanja ni wa wavulana. Hakuna aliyewakataza kwa maandishi. Nilimuuliza mdogo wangu, akaniambia, "Dada, nikikimbia wanacheka kifua." Basi. Hana sidiria ya michezo, hana pa kubadilishia nguo zaidi ya choo chenye foleni, akitokwa jasho hana pa kunawa na bado ana vipindi mbele, siku za hedhi anaogopa kuchafuka na taulo ni za kuhesabu, na akifika nyumbani vyombo vinamsubiri wakati kaka yake yupo uwanjani. Kwa mabinti wanaovaa hijabu kuna shule bado zinawaambia wavae bukta kama wenzao au wakae, wakati hata FIFA iliruhusu hijabu uwanjani tangu 2014. Ukikaa ukahesabu vikwazo vyote hivi huwezi tena kusema wasichana wavivu, mimi siwezi.

Na hasara yao ni kubwa kwa sababu ya mifupa. Umri huu ndo mwili unajenga mfupa kwa kasi kuliko wakati wowote, karibu robo ya mfupa wote wa mtu mzima unaingia ndani ya miaka kama miwili tu inayozunguka kile kipindi anachorefuka ghafla. Mfupa ni kibubu, unaweka mpaka miaka ya ishirini na kitu, baada ya hapo maisha yote yaliyobaki unatoa tu, na mwanamke akifika ukomo wa hedhi anatoa kwa haraka. Kinachoweka hela kwenye kibubu ni mshtuko, kuruka, kukimbia, kutua chini. Watafiti waliwapima wachezaji wa tenisi wanawake, mkono unaoshika raketi ulikuwa na mfupa mzito kuliko mwingine, mtu yule yule, chakula kile kile, na waliozidi sana ni walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo. Rede ilikuwa inamjengea yule mtoto mifupa ya uzeeni, naye tumemkalisha barazani.

Turudi kwa hoja ya mitihani, maana ndo iliyoanzisha yote, na naielewa, hakuna mzazi anayetaka kucheza na fomu foo. Hoja inasema muda ni ndoo moja, ukimimina kwenye michezo umepunguza kwenye hesabu. Kichwa hakifanyi kazi hivyo. Huko Trois-Rivières, Kanada, miaka ya 1970 watoto wa shule za msingi waliongezewa saa tano za mazoezi kwa wiki, na muda huo ulikatwa kwenye masomo mengine. Matokeo yao hayakushuka. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za aina hii wameona jambo lile lile, kuongeza mazoezi ndani ya ratiba hakujashusha ufaulu, na kuondoa mazoezi ili kuongeza masomo hakujaupandisha. Sitakudanganya kwamba mtoto akikimbia atapata A, hapana, asiyesoma hafaulu hata akimbie mpaka Chalinze. Ninachosema ni kwamba saa nane mchana darasani, baada ya kukaa saa sita, kinachoingia kichwani ni kidogo mno, na matembezi ya dakika 20 yanarudisha umakini kwa muda. Kwahiyo wanaosema wameokoa dakika 80 za masomo, waangalie kwanza ni dakika za namna gani.

Ya yule mzee, kwamba wanawe si wanene. Hii imani imeenea mno, mazoezi ni dawa ya unene, asiyeumwa hanywi dawa. Jibu zuri kabisa lipo hapa hapa nyumbani, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Watafiti walipima nguvu wanayotumia mwilini kwa siku, kwa kuwanywesha maji maalumu ambayo baadaye yanasomeka kwenye mkojo, na mwaka 2012 wakatoa majibu yaliyoshangaza wengi, ukishazingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe anayewinda na kuchimba mizizi kutwa anatumia karibu nguvu ile ile na Mmarekani wa ofisini. Mwili unabana matumizi, ukitumia sana huku unapunguza kule. Kwahiyo mazoezi peke yake si mashine ya kuchoma mafuta, uzito kwa sehemu kubwa unaamuliwa na sahani. Lakini Wahadzabe hao hao, ambao walikutwa na zaidi ya saa mbili kwa siku za mwendo wa kati na wa nguvu, walipopimwa presha na mafuta ya damu walionekana na hali nzuri mpaka uzeeni. Faida iko kwenye moyo, mishipa, sukari, mifupa, usingizi, na utulivu wa akili, ambavyo kijana mwembamba anavihitaji sawa sawa na mnene. Mwembamba asiyesogea hana kinga yoyote, ana suruali inayomtosha tu.

Kuna nyingine fupi fupi zinazorudi kila siku. Vyuma vinadumaza urefu, hapana, hakuna ushahidi huo, kinachoumiza ni kunyanyua uzito mkubwa bila wa kumwelekeza, na vile vyuma vya mtaani vya kopo la zege vimewavunja wengi vidole. Binti akiruka anaharibu kizazi, hapana kabisa, na siku za hedhi mazoezi mepesi huwapunguzia wengi maumivu ya tumbo. Mwenye pumu anacheza akiwa na dawa yake ya kuvuta karibu. Mwenye selimundu, yaani siko seli, tumsikilize daktari wake, maji ya kutosha, apumzike anapotaka, asishindanishwe, asipigwe baridi, lakini kumfungia darasani maisha yake yote si huruma.

Na jambo moja nawaomba walimu nikiwa nimekunja mikono. Kuruka kichurachura, kuzunguka uwanja mara kumi, pushapu kwenye kokoto, hizi tumezifanya adhabu miaka na miaka. Fikiria mtoto anajifunza nini. Miaka minne mfululizo kila mara mwili wake unapotumia nguvu ni kwa sababu amekosea, na wenzake wanamwangalia. Akimaliza shule unategemea atatoka nje jioni kukimbia kwa hiari yake? Hatuwapi watoto hesabu za ziada kama adhabu halafu tukashangaa wanaichukia hesabu, au labda tunawapa, na ndo maana wanaichukia.

Kwa hiyo pale kwenye grupu sikuuliza michezo itarudi lini. Niliuliza jana mwanafunzi ambaye hayupo timu yoyote ametembea au kukimbia dakika ngapi akiwa shuleni. Kimya kirefu. Usiku mwalimu wa michezo akanitafuta pembeni, akaniambia ukweli, shule ina wanafunzi zaidi ya mia tisa na mipira miwili, mmoja unavuja, na palipokuwa na goli la upande wa kusini sasa pana darasa, darasa ambalo lilihitajika kweli. Akasema hata vipindi viliporuhusiwa waliokuwa wanasogea ni kama arobaini. Sikuwa na cha kumlaumu. Tukaongea karibu saa nzima, mchakamchaka wa dakika 15 kabla ya mstarini kwa wote, akasema unawezekana, waimbishaji anao. Rede kwa wasichana nyuma ya maabara ambako hakuna watazamaji, inawezekana, mpira wa soksi unatosha. Kamba za kuruka zinahitaji mita chache tu za sakafu na dakika tano za kamba si mchezo kwa mapafu.

Nikapeleka hesabu ile ya dakika za mdogo wangu kwenye grupu, na wa kwanza kuchangia alikuwa yule baba wa kilometa nane. Kamba za katani ishirini zimeshanunuliwa, mama wa netiboli anazikata na kuzifunga vishikio, Jumatatu zinakwenda shule.